Nilisema Ifutwe

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hawajalisoma, nawafupishia msiba wangu.

Mimi ni mshereheshaji. Nashika kipaza sauti harusini, nachekesha watu, nacheza muziki kutoka kwenye laptopu. Nina mchumba. Mchumba ana baba. Baba huyo ni mwalimu mkuu mstaafu, na haongei akamaliza bila kusema "kwa mantiki hiyo," hata akiomba chumvi.

Nilikwenda kwake kumuomba binti. Akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini unamtaka binti yangu?" Nikamjibu kwamba ana heshima na nidhamu. Akanitazama kwa juu ya miwani. "Hata mlinzi wa benki ana heshima na nidhamu. Nitakupa jibu langu mwisho wa mwezi, kwa mantiki hiyo."

Kabla mwezi haujaisha, nikapata kazi ya harusi, na yeye akawa miongoni mwa waalikwa. Meza ya mbele kabisa! Bibi harusi anaingia, mimi nabonyeza wimbo, laptopu ikaganda. Ukumbi kimya. Bibi harusi kasimama mguu mmoja mbele. Sikuwa na la kufanya, nikapiga tarumbeta kwa mdomo mpaka akafika kwenye kiti.

Mzee akamwambia binti yake walipofika nyumbani, "Mtu ambaye chombo chake kinalala kazini, na yeye hulala kazini, kwa mantiki hiyo."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa vuteni viti.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta. Anaitwa Skrubu, kwa sababu kila akimaliza kufunga mashine ya mtu, skrubu moja hubaki mezani, na mashine inafanya kazi vilevile.

"Huwa unaiwashaje?" akaniuliza.

"Nabonyeza, halafu naenda kuoga."

"Kisha?"

"Nikitoka kuoga napiga pasi shati. Nikimaliza kola na mikono, nayo inakuwa imefika pale pa kuweka nenosiri."

Skrubu akaiwasha, akanishika shingo, akaniinamisha sikio juu ya kibodi. "Unasikia nini?"

"Inasaga."

"Hiyo ni diski yako. Ndani yake kuna kisahani kinazunguka, na kichwa kinatembea juu yake kutafuta kila unachokitaka. Imezeeka. Hiyo ndiyo inayokuaibisha."

Akaizima, akaifungua. Vumbi lililotoka mle lingetosha kujazia godoro. Kwenye kona kulikuwa na mende amelala chali, amekauka.

"Huyu mpangaji wako?"

"Simjui," nikasema.

Akanipa diski mpya mkononi. Aliiita SSD, akasema hii haina kitu kinachozunguka, ndiyo maana ina mbio. Nikaipimapima. Nyepesi! Kidogo iniponyoke.

"Skrubu, ndugu yangu, usinifanyie hivyo. Hili ni ganda tu. Mbona halina uzito?"

"Ni tupu. Bado hatujanakili kitu."

"Aaa. Kumbe mafaili yakishaingia itakuwa nzito."

Skrubu alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kuchua. Akaunganisha ya zamani na mpya kwa waya, akaniambia nikae, vitu vyangu vyote vinanakiliwa vilevile vilivyo, upande huu kwenda upande ule. Nikakaa. Nikasinzia. Nilipoamka alikuwa ameshafunga, na skrubu moja iko mezani.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Nikataka kupiga chafya kwa lile vumbi, na kabla sijaimaliza, picha ya mchumba wangu ikawa iko kwenye kioo inanichekea.

"Imeharibika," nikasema.

"Imepona."

"Haiwezi kuwaka upesi hivi! Sasa mimi nitaoga saa ngapi?"

Nilifurahi, wacha nisiwafiche. Nilimkumbatia Skrubu mpaka akalalamika mbavu. Akaichukua ile diski ya zamani, akaitia kwenye kikasha cha plastiki chenye waya wa kuchomeka popote, hata kwenye televisheni.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Nimenakili tu. Humu vitu vyako vyote bado vimo. Usiifute leo. Kaa nayo siku kadhaa uone ile mpya inakwendaje. Ukiridhika, ifute, ndipo umpe unayetaka. Usimpe mtu haijafutwa. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nilimsikia kweli. Tena nilijua ya kumpa nani. Mchumba wangu alishaniambia, "Diski ya zamani usiitupe, tumpe baba. Ana filamu za nyuki tele na hana pa kuziweka." Nikaona wazo zuri sana hilo. Zawadi ifike kabla jibu halijatoka.

Sasa niwaambie kilichokuwamo ndani ya diski ile, maana aibu hii nimeshaivulia nguo, sina budi kuioga.

Mimi mbele ya ukumbi uliojaa sitetemeki. Mbele ya Mzee yule mmoja, hata jina langu nalisahau. Kwa hiyo kabla sijaenda kumuomba binti, nilijifungia chumbani nikafanya mazoezi, nikajirekodi video nijione nakosea wapi. Niliweka viti viwili. Kiti cha kushoto nakaa mimi. Kiti cha kulia anakaa Mzee. Mzee huyo naye ni mimi, nimetia mto ndani ya sweta, pamba kichwani kwa mvi, miwani isiyo na vioo, na naongea kwa puani.

Nauliza kwa puani, naruka kiti cha pili, najibu, narudi mbio kwenye kiti cha kwanza, nakohoa kizee. Video hizo nilizitia zote kwenye folda moja, nikaiandika kwa herufi kubwa: MAZOEZI.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mama anasugua vitasa vya milango. Mama yangu ni mtu wa usafi. Nyumbani kwetu hata sabuni huoshwa.

"Mama, hii diski naiweka hapa kabatini. Ni zawadi ya baba mkwe. Lakini asiichukue mtu mpaka ifutwe."

"Mpaka ifutwe," mama akarudia.

"Tena ifutwe vizuri. Kisibaki kitu hata kimoja."

"Nimekuelewa, mwanangu. Wewe nenda kazini."

Nikaenda. Na siku ile, jamani, nilifanya kazi! Nabonyeza, wimbo huu hapa. Nabadilisha, mwingine huu hapa. Bwana harusi alijikwaa, nikamwekea ngoma kabla hajainuka, watu wakadhani tumepanga. Shangazi mmoja alinifuata akaniuliza kama nina kadi. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Nikafungua kabati. Hamna kitu.

"Mama, diski iko wapi?"

"Mkwe wangu alipita, nikampa. Alisema baba yake anaiulizia."

Mluzi ulinikaukia mdomoni. "Mama! Si nilisema mpaka ifutwe?"

"Na imefutwa! Nimeifuta mwenyewe kwa mikono yangu."

Nikashusha pumzi. Halafu nikastaajabu. Mama yangu huyu, ambaye hunipigia simu nimwambie kitufe cha kuongeza sauti ni kipi, amefuta diski? Nilijisikia fahari, machozi kidogo yanitoke.

"Mama, umejifunza wapi kufuta?"

"Mtoto huyu! Mimi nimeanza kufuta hujazaliwa."

"Umetumia nini?"

"Nilianza na kitambaa kikavu. Kukawa na gundi gundi imegoma, nikachovya spiriti kidogo. Pale penye kitundu cha waya nikaingiza kijiti cha pamba cha masikioni. Inang'aa, mwanangu, unaweza kujitazamia."

Nikakaa chini. Hapohapo sakafuni.

"Mama, nilimaanisha kufuta vilivyomo ndani!"

"Ndani nako nilijaribu. Kile kikasha kimegoma kufunguka." Akanitazama nilivyokaa. "Ulisema ifutwe, ikafutwa. Ukitaka jambo jingine uwe unasema jambo jingine. Na inuka, hapo nimepiga deki."

Nikampigia mchumba wangu. Akapokea kwa furaha zote.

"Baba kafurahi! Ameshachomeka kwenye televisheni."

"Chomoa."

"Nichomoe nini? Hujui ulivyomgusa. Kaona folda imeandikwa MAZOEZI, akaniita. Daktari alimwambia afanye mazoezi ya viungo, na mimi nilikuwa nimekusimulia. Anasema kumbe kijana ana moyo, kumbe ulikuwa unanisikiliza. Ameshavaa suruali ya michezo. Sasa hivi anasogeza meza."

"Mwambie asifungue!"

"Kwani ni mazoezi gani?"

"Ya kuongea."

"Kuongea na nani?"

"Na baba yako."

"Baba yupo huku."

"Huyo mwingine. Baba yako ni mimi."

"Umesemaje?" akauliza taratibu.

"Chomoa waya, nakuomba!"

"Amebonyeza," akanong'ona. "Ameinua mikono juu, anasubiri kuhesabiwa."

Halafu nikaisikia sauti yangu ndani ya simu, kubwa, ya puani, imejaa sebule nzima: "Kijana, karibu uketi, ila usikalie kile kiti, hicho ni cha watu waliofaulu, kwa mantiki hiyo."

Simu ikakatika.

Nilitoka mbio na kandambili za mama. Kwao si mbali, unavuka barabara mbili na kiwanja cha mpira, lakini siku ile barabara zilikuwa ndefu. Watoto waliniona wakashangilia, wakadhani kuna mashindano. Kandambili moja ikakatika kiwanjani, nikaiacha. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: jibu la mwisho wa mwezi. Mwenzenu nampenda yule binti. Nampenda mpaka nasahau kula, na mimi chakula sikisahau.

Nilipofika mlango uko wazi. Meza imesogezwa ukutani. Mzee amesimama katikati ya sebule na suruali yake ya michezo ya buluu, filimbi yake ya shuleni shingoni, rimoti mkononi. Kwenye televisheni nimegandishwa mimi, mto umeteremka mpaka kwenye mapaja, pamba imening'inia sikioni.

Mchumba wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Ameuma kitambaa cha vyombo, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Sikujua kama analia au anacheka. Kisha kitambaa kikamponyoka, nikajua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti."

"Nitasimama tu, baba."

"Keti. Au unataka kwanza nikuwekee kiti cha pili cha kuhamia?"

Nikaketi. Mzee akanyoosha rimoti kwenye kioo. "Huyu mwenye mto ni nani?"

"Ni mhusika tu, baba."

"Ana mvi za pamba."

"Ni mhusika mzee."

"Anapenda sana kusema kwa mantiki hiyo. Sijui msemo huo kauokota wapi, kwa mantiki hiyo." Akajisikia mwenyewe. Akakohoa. Mlangoni pa jikoni kitu kilianguka, nadhani ni sufuria, au ni binti yake.

"Sasa tazama hapa," akasema Mzee, akabonyeza.

Kwenye kioo, mwenye mto akauliza kwa puani, "Kwa nini unamtaka binti yangu?" Nikajiona nainuka, naruka kwenye kiti cha kushoto, navua miwani, nafungua mdomo. Halafu yule mimi wa kwenye televisheni akakuna kichwa. Akaanza kusema polepole, bila mbwembwe, maneno ambayo nilikuwa nimeyasahau kabisa.

"Kwa kweli, Mzee, mimi nachekesha ukumbi mzima, lakini nikimwona yeye pale nyuma hajacheka, naona sijafanya kazi. Siku akinikasirikia, naweza kumtangaza bwana harusi kwa jina la baba yake. Na jambo zuri likinipata, kabla sijamwambia yeye naona kama bado halijanipata."

Kisha nikaruka tena kiti cha kulia, nikasema kwa puani, "Umefaulu kwa alama za juu. Chukua binti, chukua na jogoo."

Mzee akagandisha picha. Hakuwa anacheka. Alishusha miwani yake, yenye vioo.

"Mimi ulinijibu heshima na nidhamu."

"Ndiyo, baba."

"Mto ukaujibu haya."

"Ndiyo, baba."

"Mimi mwenye binti napewa maneno ya risala, mto unaambiwa ukweli. Nimekukosea nini mimi, ambacho mto haujakukosea?"

"Nilikuogopa, baba."

"Na mto hukuuogopa?"

"Mto hauna filimbi."

Akaishika filimbi yake shingoni, kama ndiyo kwanza anajua ipo. Akaivua, akaiweka juu ya televisheni.

"Mficha uchi hazai, kijana. Siku zote hizi nimekaa hapa najiuliza, huyu mcheshi ana nini ndani, au ni tarumbeta za mdomo tu. Kumbe vitu vilikuwapo, ila hukunipa mimi." Akavuta pumzi. "Nilisema jibu nitatoa mwisho wa mwezi. Nalitoa leo. Mimi sina kipingamizi."

Jamani! Niliruka. Niliruka na kandambili yangu moja, nikamshika Mzee mikono yote miwili, nikaitikisa mpaka rimoti ikaruka. Nilimbariki Skrubu, nikambariki mama na kijiti chake cha pamba cha masikioni. Nilikuwa nimeanza kuuliza habari za tarehe, Mzee naye anasema tumtume mtu akaite ndugu zake, wakati sauti ilipotoka jikoni.

"Ngojeni kwanza."

Mchumba wangu alikuja akasimama kati yetu na televisheni. Macho bado yamelowa kwa kicheko, lakini mdomo ulikuwa umeshatulia.

"Video zote hizo tumezitazama na baba, wewe ukiwa njiani," akaniambia. "Baba yumo. Wewe umo. Hata mto umo. Mimi niko wapi?"

"Wewe si ndiye tunayekuzungumzia!" nikasema.

"Naam. Mnanizungumzia."

Nikacheka kidogo. Nikaona nacheka peke yangu, nikaacha.

"Kumuomba baba umefanyia mazoezi mpaka jasho limekutoka, nimeliona," akasema. "Mimi umeniuliza lini?"

Nikafungua mdomo kumtajia siku. Nikaitafuta siku hiyo, sikuiona. Nikazidi kuitafuta. Tulijuana, tukazoeana, tukawa tunaitana mchumba kwa sababu mama alianza kumwita mkwe na hakuna aliyekataa. Kisha siku moja, tumesimama nje kwetu, nikamwambia nitakwenda kumwona baba yako. Naye akacheka. Nikaliona jibu katika kicheko kile, nikaenda zangu kutafuta mto.

"Siku ile nje kwetu," nikasema. "Ulicheka. Nikajua umekubali."

"Ulikuwa umevaa fulana ya ndani juu ya shati," akasema. "Niliicheka fulana."

Nikamtazama Mzee anisaidie. Mzee alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti yake ya buluu, anamtazama binti yake kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono nyuma ya darasa.

"Ana hoja," akasema. "Na mimi nilipaswa kuliona hilo kabla yako." Akanigeukia. "Haya. Yuko mbele yako. Muulize."

Sikupiga tarumbeta. Sikuigiza sauti ya mtu. Nilisimama na mguu mmoja mtupu, nikamuuliza kwa sauti yangu kama anataka kuolewa na mimi, na sauti yenyewe ilitoka ndogo mpaka ikabidi nirudie.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilimjua akicheka na nilimjua akikasirika, lakini uso ule sikuwa nimewahi kuuona.

"Sijui," akasema.

Mzee akainama, akaiokota rimoti, akazima televisheni.